Mjane wa Koti

Wanawake wa Mabatini, Mwanza, walikuwa na tabia ya kumpa kila mtu jina la pili, na jina la pili la Roza Adoyo lilikuwa Mjane wa Koti. Hakulichukia. Alikuwa amekwisha kuitwa mengi maishani, na hili angalau lilikuwa na kicheko ndani yake.

Kazi yake ilikuwa kukaanga mapanki. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango na viwanda vya samaki vikaota ufukweni kama uyoga, sangara alichunwa minofu yake, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kichwa, mgongo na mkia vikasukumwa pembeni. Hivyo vilivyosukumwa pembeni ndivyo mapanki. Akina mama walijipanga mlangoni kwa kiwanda kabla jua halijachomoza, wakanunua, wakajitwisha mabeseni, wakaja kuyakaanga Mabatini kwa ajili ya watu ambao samaki wa ziwa lao wenyewe alikuwa amewapita akiwapungia mkono. Wakubwa waliita hayo maendeleo. Adoyo hakuwa na neno, maana karai lilikuwa motoni na mafuta hayangoji mjadala.

Alizaliwa kwa Wajaluo wa ziwani, upande wa Shirati, mkoani Mara. Aliolewa na Ooko akiwa binti wa miaka kumi na mitano, akazaa wanane, wakaishi watano. Ooko alimleta Mwanza alipopata kazi katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipoanza kupunguza watu, yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Akageukia kuchuuza samaki visiwani. Huko kwenye makambi ya wavuvi, mwanaume aliyekaa wiki mbili bila mwanamke alihesabiwa kuwa mgonjwa, na Ooko alikuwa na afya njema kabisa. Adoyo alijua. Alizijua hata sura za wawili kati ya wanawake hao, kwa kuwa walikuja msibani wakalia kumzidi mwenye msiba.

Maana Ooko alikufa. Malaria ilimpanda kichwani, na baada ya mazishi kule kijijini likaja swali ambalo Adoyo alikuwa akilisubiri tangu siku ya kwanza ya kilio.

Kwa watu wa kwao, mjane haachwi hivi hivi. Ndugu wa marehemu huingia nyumbani mwake akamrithi, na mpaka aingie, mjane hutembea na kivuli cha kifo: haingii nyumba za wanawe, hatangulii kupanda mbegu, binti yake hachumbiwi. Wachungaji walilisemea jambo hilo kwa ukali Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu wazee wakaendelea nalo. Ila palikuwa na mlango mdogo wa pembeni. Mjane aliyekwisha kukoma hedhi hakulazimishwa kulala na mtu. Ilitosha shemeji kuleta koti lake, likatundikwa ndani usiku mmoja, asubuhi akaja kulichukua, na shauri likaisha.

Bibi mmoja alitumwa kumuuliza Adoyo. Akajibu ukweli: mwaka na zaidi ulikuwa umepita hajaona siku zake. Basi Jairo, mdogo wake Ooko, akaja Mabatini na koti la mtumba la rangi ya udongo, akalitundika kwenye msumari, yeye mwenyewe akaenda kulala kwa jirani. Kulipokucha alilifuata koti lake, akanywa chai, akapanda basi la Musoma. Wanawake wenzake Adoyo wakacheka wiki nzima, wakamuuliza kama lile koti lilikoroma.

Naye alicheka. Alikuwa na furaha ambayo asingeweza kuieleza kanisani. Tangu utotoni alikuwa amelala upande wa ukutani wa kitanda cha mtu mwingine. Sasa alilala katikati, mikono ameitupa huku na huku. Hakuwachukia wanaume. Alikuwa amechoka nao tu, kama mtu anavyochoka na mzigo alioubeba vizuri na kwa muda mrefu.

Miaka miwili ilipita namna hiyo. Halafu asubuhi moja, akirudi kutoka kiwandani na beseni kichwani, alihisi unyevu mapajani. Alidhani ni maji ya samaki, kwa sababu mabeseni yale yalikuwa yakivuja na hakuna aliyefika Mabatini akiwa mkavu. Alipofika nyumbani akafungua kanga yake ya ndani, akaona damu.

Mtu mwingine angewaza ugonjwa. Adoyo aliwaza koti. Kama siku zake zilikuwa zimerudi, basi kumbe hazikuwa zimekoma, na yale aliyomwambia yule bibi yalikuwa uongo. Wazee wangesema amemdanganya marehemu. Lile koti lingekuwa limetundikwa bure, na Jairo angepaswa kuja mwenyewe, na miguu yake na mwili wake, aingie chumbani mle. Na kama asipokuja, kila baya ambalo lingewapata watoto lingewekwa mlangoni kwa Adoyo. Alikaa chini kwenye sakafu, akaikunja ile kanga ikawa ndogo kabisa. Akaamua kwamba hakuna atakayejua.

Huo ndio ulikuwa uamuzi wake, na aliusimamia kwa akili zote alizokuwa nazo. Alivaa kanga mbili nyeusi moja juu ya nyingine. Vitambaa vyake alivifua kabla wapangaji wengine hawajaamka, akavikausha ndani, chini ya kitanda, pasipofika jua. Damu ilikuja siku chache, ikakauka, akamshukuru Mungu. Kisha ikaja tena bila utaratibu wowote. Baadaye ikaja na majimaji yenye harufu. Hapo kazi yake ikamsitiri. Mwanamke anayeshinda na mapanki hunuka mapanki, na hakuna mteja aliyewahi kujiuliza harufu gani inatoka kwenye beseni na ipi inatoka kwa muuzaji.

Kila kitu kilipata kisingizio. Mgongo ulipoanza kumuuma chini kiunoni, alisema ni beseni. Alipokonda, alisema ni moshi wa kuni unamkausha. Alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za mlangoni kwake, alisema ni uzee, na ni nani atakayebishana na mjane akisema amezeeka? Ndivyo ilivyo. Mwanamke wa kazi hana dalili, ana uchovu tu, na uchovu si habari kwa mtu yeyote.

Aliyemgundua ni Kashindye. Huyu alikuwa Msukuma wa Magu, mwenye kicheko kikubwa na mdomo usiolala, aliyeweka karai lake kando ya karai la Adoyo na kupanga chumba katika ua ule ule. Siku moja aliingia kuomba chumvi bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akavikuta vitambaa vimetandazwa chini ya kitanda.

"Mama Otuoma," alisema, akichuchumaa kuangalia vizuri. "Hivi ni vya nani? Binti yako Winnie si yuko shule ya bweni?"

Adoyo alifunga mlango kwanza.

"Ni vyangu."

Kashindye alimtazama, kisha uso wake ukafunguka wote. "Weee! Umerudi usichana? Kumbe wewe bado mbichi, sisi tunakuita bibi!"

"Punguza sauti, Kashindye. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Ndipo akamweleza habari ya koti, maana Kashindye alijua kicheko chake tu, hakujua sheria yake. Kashindye aliacha kucheka. Aliapa kwa mama yake kutosema, na kwa muda mrefu alikitunza kiapo hicho, jambo lililowashangaza hata waliokuja kusikia baadaye. Kisha akatoa hukumu yake kama mtu mwenye uzoefu.

"Hilo ni chango. Chango la uzazi. Mama yangu alikuwa nalo, shangazi yangu alikuwa nalo. Ukizaa watoto wengi linabaki tumboni linazungukazunguka. Kuna mzee kule Magu ana mizizi yake, unachemsha, unakunywa chungu kimoja, linatulia."

Alikwenda Magu mwenyewe kuifuata. Mizizi ilikuwa michungu mpaka meno yalikufa ganzi. Adoyo alikunywa chungu cha kwanza, damu ikakauka karibu mwezi mzima, na wote wawili wakaamini. Ilipotoka tena, Kashindye alisema chango ni jeuri, linahitaji chungu cha pili. Wakaenda hivyo, chungu kwa chungu, mpaka masika yakaisha na kiangazi kikaingia. Si kwamba Kashindye alikuwa mjinga. Alimpenda mwenzake na alimpa kile alichokuwa nacho.

Mwezi wa saba, akina mama wa kanisa la Wasabato pale Mabatini walimwalika muuguzi aje kuzungumza nao Jumamosi mchana kuhusu UKIMWI. Aliitwa Teodora, Mhaya wa makamo, mwenye sauti ya chini na miguu iliyovimba kwa kusimama zamu. Kashindye hakuwa Msabato, lakini palikuwa na mazungumzo na yeye hakosi penye mazungumzo. Aliketi na Adoyo benchi la nyuma.

Sista Teodora aliyasema ya UKIMWI, wakasikiliza macho chini. Kisha, badala ya kuaga, akafunga mkoba wake na kuuliza jambo jingine.

"Kuna hapa mama ambaye siku zake zilikwisha kukoma, halafu damu ikarudi? Hata tone moja? Au anayetoka damu akimaliza kukutana na mumewe? Au anatoka majimaji yenye harufu, akioga hayaishi?"

Benchi zilicheka. Mama mmoja wa mbele alisema kwa utani kwamba damu ikirudi si baraka hiyo, Sara alizaa uzeeni.

"Sara alitembelewa na malaika," alisema Teodora bila kutabasamu. "Wewe ukitembelewa na damu, njoo kwangu. Hiyo si hedhi, mama zangu. Hedhi ikishakoma mwaka mzima haina njia ya kurudi. Inayotoka hapo inatoka kwenye kidonda, na kidonda hicho kinaweza kuwa kansa. Mara nyingi huanzia kwenye mlango wa kizazi, ndani, mahali usipoweza kupaona. Nayo haiumi mwanzoni. Ikianza kuuma kiuno na mguu ukaanza kuvimba, imekwisha kutembea."

Akaendelea kusema ni nani anayepaswa kuogopa zaidi. Aliyeolewa mtoto. Aliyezaa mara nyingi. Ambaye mumewe alikuwa na wanawake wengine, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kutoka nje ya ndoa yake. Anayevuta tumbaku. Ambaye mwili wake umedhoofishwa na UKIMWI. Na akasema pia kwamba wapo wasio na hata moja kati ya hayo na wameugua, kwa hiyo asiwepo wa kujihesabia haki.

Adoyo hakuvuta tumbaku. Hilo moja tu ndilo alilolishika mkononi wakati mengine yakimpita yakiwa na jina lake. Alihisi Kashindye amemkazia macho upande wa shavu, lakini hakugeuka. Katika benchi zile walikuwapo wanawake wanne wa Shirati, wenye shemeji na wakwe kule kule, na habari iliyotoka Mabatini asubuhi ilikuwa kijijini kabla ya basi. Alitoka nje pamoja na wengine akamsalimia sista kwa heshima, akaenda nyumbani, na jua la Sabato lilipotua akakaanga samaki.

Usiku ule hakulala, na siku iliyofuata alikwenda kiwandani kama kawaida. Akasema moyoni atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo alisema mwezi ujao. Ukimuuliza alikuwa akingoja nini, asingekuambia, kwa sababu hakujua. Kuogopa nako ni kazi, na yeye alikuwa amechoka hata kuogopa vizuri.

Chungu cha mizizi kilipokwisha, alimwambia Kashindye amletee kingine. Kashindye alikuwa akigeuza samaki. Aligeuza wote kwanza.

"Sileti."

"Kwa nini?"

"Mama Otuoma, nimekunywesha maji machungu miezi yote hii nikidhani nakutibu. Yule Mhaya alipokuwa anasema pale mbele, mimi nilikuwa nataka ardhi ipasuke. Sileti tena. Kesho unakwenda kwake. Usipokwenda, namwambia Otuoma kila kitu, na kiapo changu Mungu atanisamehe."

"Utanirudisha kwa Jairo."

"Heri kwa Jairo kuliko kaburini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha mpaka mimi mwenyewe nimechoka kukusaidia kuficha."

Adoyo alikasirika sana. Alimwita Kashindye msaliti, na neno jingine la Kijaluo ambalo Kashindye hakulielewa lakini alilikariri ili aulize maana yake. Kesho yake akajifunga kanga safi, akaenda.

Chumba cha Teodora pale zahanati kilikuwa kidogo, kina pazia la kijani na kitanda kirefu chembamba. Sista aliuliza ilianza lini, inakuja vipi, ina harufu, mgongo je, mkojo je. Hakuonyesha kushangaa popote. Alipomaliza kumpima alinawa mikono muda mrefu, amempa mgongo.

"Mama, siku ile kanisani ulikuwapo. Nakukumbuka. Mbona hukuja?"

Adoyo akamweleza kuhusu koti. Alilieleza vibaya, akirukaruka, na kwa Kiswahili lilisikika jambo la kipuuzi kuliko lilivyokuwa kichwani mwake. Teodora aliketi. Aliweka mikono yake mapajani, akaonekana mzee.

"Kila mmoja huwa na koti lake," alisema. "Juzi mmoja alisema alingoja kwa sababu mumewe yuko safari na hakutaka kupimwa bila ruhusa yake. Vaa, mama. Nakupeleka hospitali ya Bugando, tutakwenda wote."

Kule Bugando daktari alikata kipande kidogo, kikaenda kuangaliwa. Kisha kukawa na kungoja, na Adoyo alingoja akikaanga, maana hakujua kungoja kwa namna nyingine. Jibu lilipokuja, daktari alimweleza mwenyewe, taratibu. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Angekuja ilipoanza, wangekata, wakashona, akarudi kwenye samaki wake. Sasa ilikuwa imetoka nje kidogo ya mlango. Haikuwa imefika kwenye kibofu, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru, lakini kisu peke yake hakikutosha tena. Alihitaji mionzi, na mionzi ilikuwa Dar es Salaam. Matumaini yapo, alisema, lakini asichelewe tena.

"Una swali, mama?"

Adoyo alikuwa na moja tu.

"Kwa hiyo hii damu, haikuwa siku zangu?"

"Hapana. Siku zako ziliisha pale zilipoisha."

Alitoka nje akaegemea ukuta, mji wote uko chini yake, mawe na mabati na ziwa. Hakuwa amesema uongo. Alichomwambia yule bibi kilikuwa kweli siku ile na kilikuwa kweli hata leo. Alitaka kufurahi, na ile furaha ilikuja kweli, ikakuta mlango umefungwa. Alilia akiwa amesimama vile vile, watu wakimpita na sahani zao za wagonjwa.

Safari ya Dar haikuwa jambo la mtu mmoja. Ilibidi ukoo ujue, na ukoo ulikuwa Jairo. Otuoma, mwanawe mkubwa, alituma ujumbe kwa dereva wa basi, na mwisho wa wiki Jairo akafika na kuku mikononi na vumbi mpaka kwenye kope. Adoyo alimpikia ugali, akamnawisha, akamwacha ale. Kisha akaketi kwenye kigoda, macho sakafuni, akamwambia yote: damu, vitambaa, mizizi, kansa. Na mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa limemkaa kooni, akamwambia kwamba alificha kwa kuogopa koti lingehesabiwa bure.

Jairo aliusogeza ule ugali uliobaki pembeni mwa sahani, akaurudisha.

"Ulidhani ningekuja, shemeji?"

"Si ndiyo desturi."

"Mimi nina mke, nina mgongo mbovu, nina watoto saba. Siku ile ya koti nilimshukuru Mungu njia nzima mpaka Musoma." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakuogopa wewe, kwamba utasema bado. Na wale wazee, wawili wamekufa, na wa tatu hata jina lake analisahau. Nani angekuja kukuuliza?"

Adoyo alimtazama. Hasira iliyompanda ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile kidogo, na hakujua aielekeze kwa nani. Jairo hakuwa na kosa. Wazee hawakuwa na kosa, wawili walikuwa wamelala makaburini na wa tatu hajijui. Miezi yote ile alikuwa amekilinda chumba chake dhidi ya mwanaume ambaye hakutaka kuingia. Alitamani kumpiga mtu kwa mwiko. Badala yake aliinuka akatoa sahani.

Alipokuwa amempa mgongo, Jairo alisema kwa sauti ya chini sana:

"Hiyo damu. Inaweza kuja hata kwa ambaye siku zake bado?"

Adoyo aliiweka sahani chini. "Kwa nini?"

"Dorka." Dorka alikuwa mkewe. "Tukikutana, inatoka. Yeye anasema chango. Ananificha, anadhani sioni. Kanga zake anafua usiku."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi. Nilifikiri tukishavuna nitamleta..."

"Usingoje mavuno."

"Shemeji, mtama ule..."

"Jairo." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu aolewe katika ukoo ule, na wote wawili walilisikia likikaa pale katikati yao. "Mlete wiki hii. Treni yangu ni Alhamisi, nataka nimpeleke mwenyewe."

Jairo aliondoka na basi la kwanza. Jumatano asubuhi alirudi na Dorka, mwanamke mfupi, mpole, mdogo wake Adoyo kwa miaka kumi, aliyejifunga kanga mbili nyeusi. Adoyo aliziona zile kanga kabla hajauona uso wake. Walisalimiana kwa Kijaluo, wakaulizana habari za watoto na za mvua, wakaenda polepole kwa sababu Adoyo hakuweza tena kwenda haraka.

Walikuta benchi la zahanati limejaa, na sista Teodora akawaitia mlangoni. Dorka hakujua Kiswahili ila cha sokoni. Adoyo akawa wa kutafsiri.

"Anaumwa nini?" aliuliza Teodora.

Adoyo akauliza. Dorka alitazama wanawake waliokuwa wakisikiliza kwenye benchi, akavuta kanga mpaka mdomoni.

"Mwambie ni tumbo," alisema kwa Kijaluo. "Tumbo tu. Linakuja na kuondoka."

Teodora alingoja. Adoyo naye aliona jinsi ingekuwa rahisi. Neno moja, tumbo, na Dorka angepewa vidonge, angerudi nyumbani kwenye mtama wake, na heshima ya nyumba yao ingebaki imefunikwa vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi. Mgongo ulimuuma mpaka mguuni.

"Anatoka damu," alisema kwa Kiswahili, na hakushusha sauti, benchi zima likasikia. "Akikutana na mumewe inatoka. Tangu palizi. Na anaificha, kama nilivyoficha mimi."

Cha sokoni kilimtosha Dorka kulielewa neno damu. Aliufunika uso wote.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema ndani ya kanga.

"Nimekuvua," alijibu Adoyo kwa lugha yao. "Afadhali nikuvue mimi leo kuliko kuvuliwa na watakaokuosha."

Dorka alibaki amesimama. Nje, Jairo alikuwa ameegemea mti, anatazama barabara. Teodora alilishika lile pazia la kijani likawa wazi. Baada ya muda Dorka alifungua kanga yake ya juu, akampa Adoyo amshikie, akaingia.